Sambusa Tano na Piki ya Mwakani

Naandika nikiwa na njaa, kwa hiyo mtanisamehe lugha. Njaa yenyewe si ya kukosa. Mama watoto kaamka alfajiri kunifungia sambusa tano za nyama kwenye kopo la siagi, kachumbari pembeni, limao nusu. Tano! Nimekula moja. Tatu zimekwenda kwenye maelezo, na moja nimeikopesha mpaka mwakani.

Ni Oktoba, na wenzangu mlioko Melbourne mshajua kinachofuata. Fainali ya mpira wao wa Kiaustralia imepita, kombe limeshapelekwa linakopelekwa, mtu na akili zake angesema sasa tupumzike. Thubutu! Mechi zikiwepo wanazungumza mechi, jioni yanaisha. Mechi zikikoma ndipo midomo inafunguka: nani anahama, piki ya 7 inakwenda wapi, kijana gani wa kidato cha mwisho huko mashambani ana miguu ya dhahabu. Hivyo hivyo mpaka Novemba, siku ya drafti yenyewe.

Na hili neno drafti lina kesi na mimi tangu mwaka wa kwanza. Jamaa mmoja hapa ghalani aliniuliza kama nafuatilia drafti. Nikamwambia bwana, mimi sifuatilii, mimi nacheza. Temeke, chini ya ule mwembe, nikishika vizibo vyekundu mafundi wanaacha randa kuja kutazama. Nikamweleza habari za kingi, za kula tatu kwa mkupuo, na za mzee mmoja fundi baiskeli aliyefariki akiwa ananidai marudiano. Jamaa alinisikiliza kwa heshima zote. Nilipomaliza akauliza: sasa unaona Carlton watamchukua nani?

Kumbe drafti yao ni kugawana vijana. Klabu 18 zinakaa, vijana wa miaka 18 wanasubiri simu, kila klabu inachagua kwa zamu. Zamu hiyo wanaiita piki. Piki ya 1, piki ya 11, piki ya mwakani, na wanabadilishana piki kwa piki mpaka unadhani mtu atarudi nyumbani na pikipiki.

Haya, turudi kwenye sambusa.

Mapumziko ni nusu saa. Katika nusu saa hiyo utoe glavu, unawe, upange foleni ya maikrowevu nyuma ya mtu anayepasha supu kwa dakika sita, ule, usali kama ni wa kusali, urudi. Nimeketi, nimefungua kopo, harufu imetoka vizuri. Akaja Mzee wa Foklifti.

Mzee wa Foklifti ni St Kilda. Sisemi ni shabiki wa St Kilda. Nasema ana St Kilda, kama mtu anavyokuwa na kisukari. Klabu yake imechukua ubingwa mara moja tu, 1966, kwa tofauti ya pointi moja, na siku hiyo yeye alikuwa kichanga, alilala. Tangu hapo yuko macho.

Kosa langu ni kuuliza. Walikuwa wanabishana, yeye na mwenzake shabiki wa Collingwood, klabu nyingine, mimi kwa adabu ya kijinga niliyolelewa nayo nikaona si vizuri kutafuna kimya mbele za watu. Nikasema, "Hivi hii piki inapangwaje?"

Meza nzima ikanyamaza. Mzee akafuta mikono kwenye suruali, akalivuta kopo langu, akageuza kifuniko, akazipanga sambusa zangu moja moja kama mtu anayegawa karata.

"Hizi ni timu," akasema. "Ziko 18, ila wewe umeleta tano." Alisema kama vile kosa ni langu. "Hii kubwa ndiyo bingwa. Hii iliyopasuka, mjazo unamwagika, ndiyo imeshika mkia. Sasa, nani anachagua kijana wa kwanza?"

Nikasema bingwa.

Wakacheka mpaka yule wa supu akageuka. "Anachagua iliyopasuka!"

Jamani, nina miaka 46 duniani, nimeshika mkia katika mambo mengi ya heshima, sijawahi kuona aliyeshika mkia akiulizwa anataka nini kabla ya wengine. Aliyeshika mkia anapewa kilichobaki, tena kwa sura. Nikauliza swali ambalo mtoto yeyote wa uswahilini angeuliza: kama wa mwisho ndiye anayefaidi, watu hawafungwi makusudi? Mzee akatazama mlangoni kama nimetaja jina la mchawi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba klabu ya Melbourne ilitozwa faini ya dola 500,000 mwaka 2013 baada ya uchunguzi wa msimu wa 2009. Hawakusema walifungwa makusudi. Walipigwa faini tu. Nikaelewa kabisa, hayo tunayo hata nyumbani.

Wakati nikielewa, yule wa Collingwood kachukua bingwa, kamtia mdomoni. Eti alikuwa anaonesha mchezaji nyota anavyoomba kuhama.

Hapo mzee akaingia kwenye hesabu. Kila piki ina bei ya pointi. Ya kwanza ni pointi 3,000, halafu zinateremka. Pointi hizi kazi yake inaonekana kwa watoto wa wachezaji. Kama baba alichezea klabu mechi 100, klabu ya baba ina haki na mtoto. Klabu nyingine ikimtaka inamtaja jina, klabu ya baba inasema samahani, huyo wetu, kisha inalipa zile pointi kwa kukusanya vipiki vidogo vidogo, kama abiria anayemlipa konda kwa sarafu za hamsini. Tena kwa punguzo! Lilikuwa asilimia 20, wakalibana mpaka 10. Ndivyo Nick Daicos alivyokwenda Collingwood 2021. Gold Coast wakamtaja kwenye piki ya 4, Collingwood wakasema huyo mtoto wa Peter, wakahesabu chenji.

Nikamwambia hili hata usijisumbue, watu wa pwani tunalijua kuliko nyinyi. Posa ikija kwa binti, mtoto wa ami anaulizwa kwanza. Akisema namtaka, wageni wanakunywa chai wanaondoka. Punguzo la mahari nalo lipo. Mzee akaniuliza mtoto wa ami alicheza mechi ngapi. Nikaacha.

"Sasa biashara," akasema, na hapo ndipo nilipopaswa kusimama niondoke. "Mimi nataka sambusa hii leo. Sina kitu leo. Lakini nina piki ya mwakani."

"Piki ya mwakani ni nini?"

"Pai ya mke wangu. Oktoba ijayo."

"Kubwa kiasi gani?"

"Inategemea. Klabu ikifanya vizuri mwakani, piki yake inakuwa ya nyuma, haina thamani. Ikifanya vibaya, umepata lulu."

Nikafikiri. "Kwa hiyo ili mimi nifaidi, nikuombee mabaya mwaka mzima, wewe uliyekula sambusa yangu?"

"Hasa!" Akanipa mkono. "Umeuelewa mpira." Akaila.

Mkononi sina karatasi, sina shahidi, yule wa Collingwood mdomo umejaa. Mkopo wa namna hii hata kausha damu hawautoi.

Mngedhani ameshiba. Akaanza habari za 2001, na mwenye ugonjwa wa drafti akifika 2001 muache amalize, ukimkatiza anaanza upya. Fremantle walikuwa na piki ya 1. Wakawapa Hawthorn, na ya 20, na ya 36 juu, wakachukua wachezaji wawili, Trent Croad na Luke McPharlin. Kwa piki ya 1 Hawthorn wakamchagua Luke Hodge. Kwa ile ya 36, ya kutupa, wakamchagua Sam Mitchell. Wote wawili wakaja kuwa manahodha wa ubingwa. Na Croad? Misimu miwili tu akarudi Hawthorn, na 2008 akawa bingwa nao. Watu wameuza mbuzi, wamepata ng'ombe wawili, na mbuzi karudi zizini.

Lakini kidonda cha mzee hakiko hapo. Mwaka huo huo piki ya 2 ilikuwa ya St Kilda. Wakamchukua Luke Ball, mchezaji mzuri, hana tatizo. Piki ya 3 West Coast wakamchukua Chris Judd, aliyekuja kutwaa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi, mara mbili, 2004 na 2010. Haya, hilo mtu anaweza kulimeza. Miaka minane baadaye Ball akaondoka kwenda Collingwood. Na 2010 nani wakakutana fainali? Collingwood na St Kilda. Sare, 68 kwa 68. Dakika za mwisho mpira ulidunda mbele ya goli la wazi, mchezaji wa St Kilda anaukimbilia, na kwa kuwa mpira wao si duara, ni yai, ukakata kona ukapita pembeni mwenyewe. Pointi moja badala ya sita. Wiki iliyofuata wakarudiana, 108 kwa 52, na Luke Ball uwanjani kavaa milia ya Collingwood.

Mzee alinyamaza. Mkono wake ukaenda polepole kwenye sambusa iliyopasuka, ile iliyoshika mkia, akaila huku akitazama ukuta. Nisingeweza kumzuia. Mtu akiwa msibani humnyang'anyi sahani. Ila yule kijana wa simu, aliyekaa kona na hajasema neno tangu asubuhi, yeye alichukua ya nne kwa msiba gani?

Basi nikaila yangu moja, ya baridi, nikisikiliza. Na hapa ndipo damu iliponipanda kidogo. Mzee anamjua kijana mmoja wa mashambani, hajawahi kumwona ana kwa ana, anajua urefu wake kwa sentimita, anajua mita 20 anazikimbia kwa sekunde ngapi, anajua kifundo gani kiliteguka na mwezi gani, anajua mama yake anafundisha shule gani. Mimi nimekaa naye meza hii miaka minne. Ananiita Mo. Siitwi Mohamed, siitwi Moses, siitwi chochote chenye mo. Silabi tatu tu, bwana, na Fremantle anaitamka vizuri!

Baadaye nikamwendea msimamizi wa zamu. Nikamwambia kwa kuwa mimi ndiye wa chini kabisa kwenye orodha ya ghala zima, naomba piki ya 1 ya likizo ya Desemba. Akasema ataliangalia. Mnalijua hilo "nitaliangalia".

Hata hivyo ugonjwa huu niliuleta nyumbani mwenyewe. Kijana wangu alikuja huku ana miaka mitatu, sasa ana 16 na anacheza. Jumapili nasimama kwenye baridi ya viwanja hivi, mdomo unatoa moshi, nikipiga makofi pasipostahili, maana wakikosa goli wanapewa pointi moja na mimi sijazoea kukosa kushangiliwe. Majuzi akaniuliza, "Baba, ulicheza mechi ngapi?" Nikajua anatafuta zile 100. Nikamwambia zaidi ya mia, ila chini ya mwembe. Akaniangalia kwa huruma. Kisha akanisomea habari za Aliir Aliir, aliyezaliwa kambini Kakuma, Turkana, Sydney wakamchukua 2013 kwa piki ya 44, na 2021 akiwa Port Adelaide akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Kwa hiyo baba si lazima, akasema.

Sasa leo, tunainuka mezani, nikaropoka kwamba nina kijana anacheza. Mzee akaganda.

"Urefu?"

"Sentimita 191. Bado anakua." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa sauti ya muuza ng'ombe.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Temeke."

"Afrika?"

"Temeke haijahama."

Uso ukamchanua. Akanieleza kwamba klabu zina akademia za kulea vijana, na kijana ambaye mzazi wake kazaliwa Afrika anaweza kuingizwa humo. Wandugu, nimejaza fomu katika nchi hii tangu nashuka kwenye ndege, na hapo penye "mahali pa kuzaliwa" hapajawahi kuniletea faida hata ya senti. Leo pameniletea. Kisha akauliza naishi wapi. Nikasema magharibi. Akakunja uso. Kila klabu ina eneo lake, na magharibi si kwa St Kilda.

"Huwezi kuhamia kusini-mashariki?"

Kodi hii hii ninayoipata kwa kuomba dua! Dhamana ya nyumba niianze upya, watoto wabadili shule, kazini nifike kwa mabasi matatu, ili St Kilda ipate mtu mrefu! Nikamwambia nitaliangalia.

Anakua kweli lakini. Viatu vya Machi havimwingii, sasa anavaa namba 47, na dukani 47 ikipatikana inakuwa ya rangi moja tu, ile ya machungwa ya fundi barabara. Vya zamani, namba 45, viko chini ya ngazi. Shemeji kashatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kwamba visitupwe, vipakiwe na kile kikapu cha Desemba. Shemeji anavaa 41.