86 ya jikoni: nyumba ya Chumley's ama vina tu?

Ukifanya kazi jiko la hoteli huku Nyali ama Bamburi, hasa na chef aliyepita kwa meli za watalii, hii umeisikia: weita yuwaingia na oda ya kamba, chef anapiga ukelele "eighty-six kamba!" na weita anarudi mezani kumwambia mgeni wameisha, achague samaki. Kwa baa nako mlevi akizidi huyo ni 86, asiuziwe tena. Neno ni la Wamarekani, na juzi mi na rafiki yangu wa kaunta tulibishana mpaka saa ya kufunga limetoka wapi.

Yeye yuko na Chumley's, baa ya siri ya New York iliyofunguliwa 1922 pombe ikiwa marufuku kule, na anwani yake kweli ilikuwa 86 Bedford Street. Eti polisi waliokula mlungula walikuwa wanapiga simu kabla ya msako, wanasema 86, wateja wanachoropoka kwa mlango wa Bedford huku polisi wakiingia upande wa uani. Tamu wallahi, na nyumba ipo, siwezi kuibeza.

Lakini mi inanikwama. Mwaka 1933 Walter Winchell aliandika kwa safu yake ya gazeti maneno ya wauza soda wa Hollywood, huko upande wa pili wa Marekani kabisa: 81 ni glasi ya maji, 13 bosi yuwazunguka, 86 kitu kimeisha. Kimeisha, sio toka nje! Ile maana ya mlevi kunyimwa kinywaji inaonekana kwa maandishi miaka ya 1940. Sasa kama lilianza kwa kutorosha wanywaji, mbona tunalikuta kwanza kwa kaunta ya soda?

Ndo maana naegemea wanaosema ni vina, six na nix, na nix kwao ni hakuna. Watu hucheza na sauti tu, hata sisi market tuliigeuza Marikiti na haikuhitaji kisa cha polisi. Ila rafiki yangu alinibana vizuri: 36 pia ina six, 76 pia, kwa nini 86? Hapo sikuwa na jibu, na anwani yake inalo.

Bado sihami. Aniletee gazeti la kabla ya 1933 lenye 86 ya kufukuza watu, hapo nageuka siku hiyo hiyo.