Lebo Imebaki, Bia Imeondoka

Chukua chupa ya bia ya Marekani ya miaka ya 1950, ile ya kahawia yenye shingo ndefu, uizungushe chini ya taa. Begani na chini karibu na kitako utaona mikanda miwili ya mikwaruzo myeupe, kana kwamba imepigwa msasa. Mnywaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua mikanda hiyo bila kuambiwa: ni chupa iliyosuguana na wenzake kwenye kreti, ikarudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa, ikatoka tena. Kwetu hilo bado ni jambo la kila siku. Marekani limekuwa kumbukumbu, na lilikuwa sababu mojawapo kubwa ya bia ile kuuzwa bei chee.

Wazee wa Kimarekani wanaozililia bia za Schlitz, Falstaff, Rheingold na Ballantine huambiwa kwamba wanaulilia ujana wao tu. Nusu ya kilio ni ujana, sibishi. Nusu ya pili inapimika kwa lita, kwa siku na kwa gramu za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na hiyo ndiyo ninayoitetea hapa.

Bia ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kusafirisha maji ndani ya kioo kizito, halafu kukirudisha kioo hicho kikiwa kitupu, kuna maana pale tu kiwanda kinapokuwa jirani. Ndiyo maana kila mji ulikuwa na bia yake: Schaefer na Rheingold za Brooklyn, Ballantine ya Newark, National Bohemian ya Baltimore, Iron City ya Pittsburgh, Stroh's ya Detroit, Hamm's ya St. Paul, Lone Star ya San Antonio, Olympia ya Tumwater, Rainier ya Seattle. Mtu alilipa amana ya chupa, akarudisha kreti, akachukua nyingine. Bia ilikuwa rahisi kwa sababu haikusafiri mbali, na kwa sababu hiyohiyo ilifika ikiwa mbichi.

Kopo ndilo lililoanza kuuvunja mpango huo. Tarehe 24 Januari 1935, Krueger ya Newark ilianza kuuza bia ya kopo mjini Richmond, Virginia. Lilikuwa la chuma, zito, na bila kifungulio chenye ncha hupati kitu: unatoboa tundu moja la kunywea na jingine upande wa pili la kuingiza hewa. Ukisahau la pili, bia inakuja kwa kwikwi na kukurukia kifuani. Mwaka 1962 Pittsburgh Brewing ilileta kopo la kufungua kwa kuvuta kilimi kwa vidole. Kufikia hapo barabara kuu zilikuwa zinajengwa nchi nzima na televisheni iko kila sebule, na tangazo moja la kitaifa lilikuwa na nguvu kuliko viwanda 20 vya mitaani. Baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933, zaidi ya viwanda 700 vilirudi kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa vimebaki chini ya 100.

Schlitz ya Milwaukee ndiyo kisa kinachosimuliwa zaidi, na kinastahili. Anheuser-Busch iliipiku mwaka 1957, lakini iliendelea kuwa kubwa, ya pili nchini kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakubwa wake wakaamua kubana matumizi. Uchachushaji ukaharakishwa, na sharubati ya mahindi ikachukua nafasi ya sehemu ya kimea. Bia iliyokimbizwa hivyo haipati muda wa kutua protini zake, kwa hiyo ikipoa inapoteza uangavu, inakuwa na ukungu kama wa asubuhi. Dawa ya ukungu ilikuwa jeli ya silika. Mwaka 1976, kwa kuogopa kwamba serikali ingewalazimisha kuandika viambato kwenye lebo, wakaiacha jeli hiyo wakatumia dawa iitwayo Chill-garde, ambayo ingechujwa yote kabla ya bia kutoka. Hakuna aliyepima kwanza jinsi dawa hiyo ingeelewana na kiimarisha povu kilichokuwa tayari ndani. Viwili hivyo vikashikana, na bia ikikaa rafuni ikaota vipande vyeupe vinavyoelea kama makamasi. Kampuni ikarudisha kimyakimya chupa na makopo yapatayo milioni 10.

Kisha yakaja matangazo ya 1977. Dume la misuli linaulizwa kama lingependa kubadili bia, linakasirika kiasi kwamba watazamaji waliyabatiza matangazo yale jina la "kunywa Schlitz au nikuue". Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembea kimekunja ngumi. Mgomo wa 1981 ukafuatiwa na kufungwa kwa kiwanda cha Milwaukee, na 1982 Stroh ya Detroit ikainunua kampuni nzima. Stroh nayo ikaelemewa na deni, na mwaka 1999 majina yake yakagawanywa kati ya Pabst na Miller.

Ile ya makamasi inatajwa kwa sababu inachekesha. Kilichoharibu bia nyingi zaidi kilikuwa kidogo na hakikuonekana: hopsi zilipunguzwa mwaka hadi mwaka, kila mara kwa kiasi ambacho ulimi haukigundui. Waonjaji wa kiwandani hulinganisha bia ya mwaka huu na ya mwaka jana, si na ya miaka 15 nyuma. Laga ya kawaida iliyokuwa karibu na 20 kwa kipimo cha uchungu cha IBU ikashuka hivyo, na leo nyingi ziko kati ya 8 na 12. Mzee anayesema "hii siyo ile" hajachanganyikiwa.

Pabst Blue Ribbon ilifunga kiwanda chake cha Milwaukee mwaka 1996 na kuanza kutegemea mitambo ya wengine. Ikawa kampuni inayomiliki majina na mapishi huku bia ikipikwa kwa mkataba. Hata mapishi hayakuwa salama. Ilipotaka kuirudisha Schlitz ya miaka ya 1960 mnamo 2008, ilibidi iwatafute wapishi wa zamani na kuwahoji, kwa sababu fomula ilikuwa imepotea katika kuuzwa huku na huku. Falstaff, iliyowahi kuwa miongoni mwa tatu bora nchini, haikupata bahati hiyo. Ilizimwa mwaka 2005.

Ukiishi Marekani na unataka kuonja kitu kilicho karibu na cha zamani bila kupika mwenyewe, usinunue kwa lebo. Geuza kopo usome maandishi madogo, imepikwa na nani na wapi. Genesee bado inapikwa Rochester, Yuengling bado iko Pottsville ilikoanzia 1829. Ndugu zetu walio Minnesota wana bahati zaidi: Grain Belt ilinunuliwa mwaka 2002 na August Schell ya New Ulm, kiwanda cha familia cha tangu 1860, ambacho kinapika kweli. Angalia na tarehe. Laga nyepesi haina mahali pa kuficha uzee, na ikishapita miezi minne inaanza kunuka karatasi iliyolowa.

Kwa anayetaka kuipika mwenyewe, kwanza neno moja kuhusu mahindi, maana wapenda bia wa siku hizi huyataja kama tusi. Hayakuingia kwenye bia ile kwa ubahili. Shayiri iliyostawi Marekani ilikuwa ya mistari sita, yaani suke lenye mistari sita ya punje, yenye protini nyingi kupita ile ya Ulaya, na bia yake ilikuwa nzito na yenye ukungu. Anton Schwarz, mkemia kutoka Bohemia aliyefika Marekani 1868, aliwafundisha wapishi wa Kijerumani waliohamia huko kuizimua kwa mahindi au mchele. Shayiri hiyohiyo ina vimeng'enya, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vya kutosha kujimeng'enya yenyewe na kumeng'enya wanga wa mwenzake. Aliyewahi kutia kijiko cha kimea kwenye uji mzito akauona unalegea ndani ya dakika chache ameshaliona jambo lenyewe, na mpishi wa busaa halihitaji somo kabisa.

Kwa lita 20 zenye kilevi cha karibu asilimia 5, tafuta kilo 3.2 za kimea cha shayiri ya mistari sita kilichosagwa kwa kupasuliwa tu, kilo 1 ya chenga za mahindi yaliyokobolewa, gramu 35 za hopsi aina ya Cluster zenye asidi alfa (ndiyo inayotoa uchungu) asilimia 7, na pakiti mbili za gramu 11.5 za hamira kavu ya laga. Mahindi ndipo wengi wanapoteleza. Dona haifai, kwa sababu kiini chake kina mafuta, na mafuta huua povu na kuchacha vibaya. Sembe haina kiini lakini ni laini mno, inaziba chujio kama saruji. Zinatakiwa chenga za sembe, ukubwa wa chembe za sukari au zaidi kidogo.

Changanya chenga zote na gramu 300 za kimea katika lita 4 za maji, pandisha hadi nyuzi 68, tulia hapo dakika 20. Hicho kimea kidogo ndicho kitakachozuia sufuria isigeuke ugali. Kisha chemsha dakika 30 ukikoroga bila kuacha, mwiko ukigusa chini kila mara, ukiongeza maji ya moto ikizidi kukaza. Ikishika chini hata mara moja, usikwangue. Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine na uiache iliyoungua, kwani harufu ya moshi ikishaingia haitoki tena, hata ukomaze mwaka.

Uji ukibakiza dakika 15, changanya kilo 2.9 zilizobaki na lita 9 za maji ili mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 55. Mimina uji unaochemka humo, kidogo kidogo, ukipima. Ukifika nyuzi 67 simama, hata kama uji umebaki. Usubiri upoe ndipo umalizie. Ukipita 72 vimeng'enya vinakufa haraka na bia itabaki tamu. Funika saa nzima. Toa matone machache kwenye kisahani cheupe, dondoshea iodini: ikibaki ya kahawia wanga umekwisha, ikigeuka bluu nyeusi ongeza dakika 20.

Sasa chuja. Mchujo ukikwama, na kwa mahindi hukwama mara nyingi, ni kwa sababu uliufungulia kwa pupa na nafaka zikajishindilia. Tangu mwanzo changanya gramu 200 za makapi ya mpunga yaliyooshwa, na uanze na mtiririko mwembamba. Suuza kwa maji ya nyuzi 75 hadi upate lita 26.

Chemsha dakika 90, sufuria wazi. Kimea cheupe cha aina hii hutoa harufu ya mahindi ya kopo, inayotokana na dimethili salfaidi, ambayo hupanda na mvuke. Ukifunika, matone ya kifuniko huirudisha ndani. Kidogo chake ni halali, wazee wale waliinywa na kuipenda. Ikiwa kali kama kabichi, umekosea. Weka gramu 25 za hopsi zikibaki dakika 60 na gramu 10 zikibaki dakika 10. Utapata uchungu wa karibu 23, juu kidogo ya bia nyingi za miaka ya 1950. Nimezidisha makusudi.

Poza upesi hadi nyuzi 10 ndipo utie hamira. Kuitia kwenye joto la chumba ili "iamke haraka" kunaleta harufu za matunda ambazo laga haitakiwi kuwa nazo. Iache kwenye nyuzi 10 hadi 12. Harufu ya yai viza siku za mwanzo ni kawaida, itaondoka. Haidromita, yaani kipimo cha uzito wa bia kinachoonyesha sukari iliyobaki, ikishuka kutoka 1.048 hadi karibu 1.015, pandisha joto hadi 17 kwa siku tatu ili hamira ile daisetili, yaani ile ladha ya siagi, kisha shusha taratibu hadi nyuzi 1 na uiache wiki sita. Wiki ya tatu itakuwa inanyweka, na mkono utawasha. Lakini bado ina ukungu na ladha yake haijaungana.

Wakati wa kujaza, yeyusha gramu 130 za sukari kwa lita zote 20 na uziache chupa wiki mbili kwenye joto la kawaida kabla ya kuzirudisha baridini. Chupa zile za zamani zenye mikanda myeupe zinapatikana kwenye masoko ya mitumba ya Marekani na inavutia kuzitumia. Pitisha kucha kwenye mikwaruzo: ikiteleza chupa ni nzima, ikinasa usiijaze, kwa sababu kioo kilichochimbika hupasukia hapohapo gesi inapojaa. Kagua na mdomo, kipande kidogo tu kikiwa kimemeguka kizibo hakitashika. Zile za siku hizi zenye mdomo wa kuzungusha ziache kabisa, kioo chake ni chembamba na kizibo cha kukandamiza hakikai sawasawa juu ya zile hesi.