Kusoma Kihispania na kujitolea Guatemala: darasa sawa, huo msaada tuuongelee

Kuna hii pakeji ambayo shule za Kihispania za Amerika ya Kati na Kusini zinaiuza miaka mingi sasa, asubuhi unakaa na mwalimu wako, mchana unaenda kujitolea sehemu, jioni unarudi kula kwa familia iliyokupangisha chumba. Utaikuta Antigua na Quetzaltenango kule Guatemala, utaikuta Cusco ya Peru, Quito ya Ecuador, Sucre ya Bolivia. Waliokwenda wengi wanasifia vyote kwa mpigo, nimejifunza lugha nimesaidia watoto nimekula vizuri, na wanaopinga nao wanaponda vyote kwa mpigo, eti ni utalii wa kuangalia umaskini wa watu na hamna kingine. Mi naona hapo ndo mjadala unapoharibika, manake ndani ya hiyo pakeji kuna vitu viwili tofauti na kila kimoja kina hesabu yake.

Nianze na darasa, huko sina ugomvi mkubwa.

Guatemala wamejijengea jina kwa mtindo wa mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja. Masaa manne au matano kwa siku, siku tano kwa wiki, kimeza kidogo, viti viwili, daftari na kibao cha kufutika, mara nyingi uani kabisa au kwenye kibaraza. Pa kujificha hamna. Kwenye darasa la watu ishirini unaweza ukatikisa kichwa kama umeelewa siku ikapita, hapa ukikosea kitenzi cha wakati uliopita mwalimu ananyamaza anakuangalia mpaka urudie, na ikifika saa ya tatu ya kipindi kichwa kishajaa hakipokei kitu, ndo anafunga daftari anasema twende sokoni, mnatembea huku anakuuliza hiki bei gani, kile kinapikwaje, na jibu la neno moja halitaki, anataka sentensi nzima. Mara nyingi wiki nzima ya hivyo pamoja na chumba na chakula inacheza kati ya dola 200 na 400 hivi, kutegemea mji na shule. Kwa mwalimu wa peke yako hiyo ni bei nzuri sana na ndo maana watu wanapanda ndege.

Kwa mtu anayeongea Kiswahili kuna unafuu ambao Mwingereza hana, irabu tano za Kihispania ni karibu zilezile zetu na neno linasomeka kama lilivyoandikwa kwa sehemu kubwa, kwa hiyo matamshi hayakusumbui sana. Kinachosumbua ni vitenzi. Vitenzi vya Kihispania vitakutoa jasho.

Sasa njoo kwenye masaa. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wao imekiweka Kihispania kwenye kundi la lugha rahisi kabisa kwa mtu wa Kiingereza, na pamoja na urahisi huo bado inakadiria masaa 600 mpaka 750 ya darasani ndo mtu afikie kiwango cha kufanyia kazi. Wewe ukikaa mwezi mmoja, masaa matano kwa siku, umepata masaa 100. Utaweza kuagiza chakula, kuuliza njia, kusimulia jana ulifanya nini kwa kusuasua, na hayo sio madogo, mtu aliyetoka sifuri anastahili kujipongeza kabisa. Ila iweke akilini hiyo 100 kwa 600, naihitaji huko mbele.

Kuhusu mji wa kukaa, watu wanabishana sana Antigua au Quetzaltenango (wenyeji wanauita Xela). Antigua ni pazuri bila ubishi, ulikuwa mji mkuu mpaka tetemeko la 1773 lilipoubomoa, magofu ya makanisa bado yapo katikati ya mitaa ya mawe, UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia 1979, na volkano inaonekana ukiwa mtaani tu. Shida yake ni hiyohiyo, kila mtu yuko pale, ukitoka darasani mhudumu wa kahawa anakujibu Kiingereza kabla hujamaliza sentensi yako ya Kihispania. Xela iko juu zaidi ya mita 2,300, baridi, mvua ya mchana ya kutosha kati ya Mei na Oktoba, watalii wachache, na ukikwama kwenye sentensi hakuna wa kukuokoa. Anayetaka lugha aende Xela. Anayetaka likizo na lugha kidogo, Antigua haijamkosea mtu.

Na kukaa kwa familia pia mi nakutetea. Ni biashara ya wazi, mama mwenye nyumba anapika, unalipa, sehemu ya hela inaingia mikononi mwake moja kwa moja badala ya kuishia kwenye hoteli, na hapo mezani unapata Kihispania ambacho hakuna kitabu kinafundisha, watoto wanagombana, mjomba anapiga simu, habari za mtaani. Kasoro zipo. Nyumba zingine zimegeuka gesti, wanafunzi wanne meza moja wanaongea Kiingereza wao kwa wao na mama yuko jikoni peke yake. Na walimu wengi wanalipwa wiki yenye mwanafunzi tu, Juni mpaka Agosti kazi imejaa, Septemba na Oktoba mwalimu mzuri wa miaka mingi anaweza akakaa nyumbani anasubiri kuitwa. Zipo shule zinazoendeshwa na walimu wenyewe kama ushirika na huko mgao unakuwa tofauti, kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kulipa liwe hilo, katika hela yangu mwalimu anapata ngapi. Shule yenye majibu ya kuzungukazunguka hapo, achana nayo.

Basi huo upande wa kwanza. Unalipa unafundishwa, kila mtu anajua nani mteja nani mtaalamu, na mtaalamu ni wao. Kujitolea kunaugeuza huo mpangilio juu chini, mchana wa siku ileile wewe ambaye asubuhi ulishindwa kusema "ningekuwa" unakuwa mtoa msaada.

Hii sio hoja mpya. Mwaka 1968 padri mmoja mzaliwa wa Vienna, Ivan Illich, aliwahutubia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kujitolea Mexico, akawaambia bila kupaka mafuta kwamba njooni mtembee, mpande milima, msome, lakini msije kusaidia. Kinachonifurahisha ni kwamba huyu mtu mwenyewe alikuwa na kituo Cuernavaca, Mexico, na kazi kubwa iliyokiingizia kituo hela ilikuwa kufundisha Kihispania wageni! Wapo wanaosema ni unafiki, mi nasoma kinyume, alikuwa anajua kwa ndani kipi ni biashara halali na kipi sio. Mwanafunzi anayelipa anajua hajui kitu. Volontia anafika na nia njema, na mtu mwenye nia njema ni kazi kumwambia kwamba amekuwa mzigo.

Rudisha sasa yale masaa 100. Unapelekwa kwenye kituo cha watoto baada ya shule, unapewa watoto kumi na tano na hesabu za darasa la tatu uwaelekeze kwa Kihispania. Nusu saa ya kwanza watoto wanacheka namna unavyotamka, nusu saa ya pili wanakurekebisha, na mwalimu wa pale ambaye angekuwa anafundisha yuko pembeni anakutafsiria wewe. Nani amemsaidia nani? Alafu kuna jambo ambalo matangazo hayaligusi, nyanda za juu za Guatemala Kihispania chenyewe ni lugha ya pili kwa watu wengi. Sensa ya 2018 ilikuta zaidi ya asilimia 41 ya wananchi wanajitambulisha kuwa Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, na lugha za Kimaya zinazotambulika ni 22. Ukienda kijijini nje ya Xela bibi anaongea K'iche' au Mam, Kihispania chake labda kinakaribiana na chako, mnaishia kutabasamiana tu.

Nyumba za watoto yatima ndo mi nasema hapana moja kwa moja, na hapo sipimi pande mbili. Mtoto anazoea mtu wiki mbili, anaondoka, anakuja mwingine na kamera yake, anaondoka. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwenye azimio lake la haki za mtoto liligusa kabisa madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, na sehemu nyingi duniani imeshaonekana kwamba watoto wengi waliomo wana mzazi hai, umaskini ndo umewapeleka huko. Tena Guatemala ina historia yake mbaya upande huu. Kwa mwaka 2007 peke yake watoto zaidi ya 4,000 walichukuliwa na familia za Marekani kwa kuasili, mpaka yakatoka madai ya watoto walioibwa na mama waliorubuniwa au kulipwa, sheria ikabadilishwa mwisho wa mwaka huo na mlango ukafungwa. Penye mnunuzi mtoto anatafutwa. Kituo ambacho kinapata hela kwa sababu wageni wanapenda kukumbatia watoto hakina haraka ya kumrudisha mtoto kwao.

Lakini haki itendeke upande wa pili, manake wanaoponda wanasahau mambo.

Kwanza sio kujitolea kote ni kwa watoto. Shule kadhaa za huko zina miradi ya kujenga majiko yanayotoa moshi nje, kijijini watu wengi wanapikia moto wa kuni ndani na moshi unajaa nyumba nzima, mama na watoto wanaula kila siku. Pale wewe ni kibarua. Unabeba matofali kupandisha kilima, unachanganya saruji, fundi wa palepale ndo bosi, anakuambia lete, hapana sio hilo, shika hapa, usiguse. Mtu atasema si wangeajiri kijana wa kijijini abebe hayo matofali, na ni kweli kabisa, matofali hayahitaji mtu avuke bahari. Ila pale ambapo vifaa vinanunuliwa kwa ada za wanafunzi wa shule, jiko linajengwa, lisingejengwa, na mabega yako ni nyongeza tu. Kilichosaidia ni ada uliyolipa asubuhi, wala hamna aibu kwenye hilo.

Na kwa lugha yenyewe mchana wa namna hiyo una thamani kubwa. Mwalimu wako ameshazoea wageni, anaongea taratibu, kila neno analikamilisha. Fundi hana muda huo, anameza nusu ya maneno na ana msumari mdomoni, na ukimuelewa huyo ujue umeanza kuelewa Kihispania. Kwa hiyo mtu akiniambia naenda kujitolea ili nipate mazoezi ya kuongea, mi namuona mkweli kuliko anayesema naenda kubadilisha maisha ya watu.

Kuna wakati pia mgeni kuwepo tu kulikuwa msaada wa kweli. Guatemala ilipitia vita vya ndani kuanzia 1960 mpaka mikataba ya amani ya Desemba 1996, tume ya ukweli ikakadiria waliouawa na kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya. Miaka ya 80 shirika la Peace Brigades International lilikuwa linaweka wageni watembee na familia zilizokuwa zinadai ndugu zao waliopotezwa, manake muuaji anasita kidogo mbele ya shahidi mwenye pasipoti ya nje. Huo ndo mfano mzuri kabisa wa watetezi wa kujitolea, ila uangalie vizuri, walioomba ni wenyeji, kazi ilikuwa ya kusindikiza na sio kuongoza, na mpaka leo wanaotaka kuingia kwenye kazi hiyo wanatakiwa wawe na Kihispania fasaha na muda mrefu wa kukaa. Hamna wa wiki mbili pale. Baadhi ya shule za Xela nazo zilizaliwa kwenye hali hiyohiyo, mpaka leo mchana wanaleta mtu aliyepitia vita au kiongozi wa wakulima aongee na wanafunzi, na kukaa kimya ukasikiliza stori ya mtu huyo kwa Kihispania chako kibovu mi nakuhesabu ni matumizi mazuri ya mchana kuliko kumfundisha mtoto wake nyimbo.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Wiki za mwanzo zote darasa tupu, hela iliyotengwa kwa ajili ya kampuni ya wakala (zipo zinazochaji maelfu ya dola kukupangia kitu ambacho shule inakupangia bure au kwa ada ndogo) niiongeze kwenye masaa ya mwalimu. Nikifika mahali naelewa fundi anasema nini ndo niulize kama kuna kazi, na niulize kazi ya mikono au ya taaluma yangu kama ninayo kweli. Anayejua uhasibu akae na mhasibu wa ushirika, mwanafunzi wa udaktari asishike sindano ambayo kwao hangeruhusiwa kuishika, mgonjwa wa Guatemala sio wa kujifunzia. Na kabla ya kuthibitisha nafasi yoyote niiandikie shule barua pepe ya maswali mawili tu, hiyo kazi wiki iliyopita kabla sijaja alikuwa anaifanya nani na analipwa na nani, na Oktoba wageni wakiisha inaendelea au inasimama. Wakijibu kwamba inasimama, mi nachukua masaa ya ziada ya darasa, mwalimu naye Oktoba hiyo anatafuta kazi.