Mwanga na Ovari: Tuuhukumu kwa Kinachobaki Mwilini

Titi likiwa na uvimbe, daktari huingiza sindano, akachukua kinyama na kukipeleka maabara. Mlango wa kizazi hupakwa siki chini ya taa, na muuguzi akasubiri kuona kama kuna sehemu itakayobadilika kuwa nyeupe. Ovari, kiungo kinachotunza mayai ya mwanamke, haitoi nafasi ya namna hiyo. Imejificha ndani ya nyonga, haizidi sana ukubwa wa lozi, na madaktari huogopa kuidunga kwa sababu uvimbe wenye saratani ukitobolewa unaweza kumwaga seli zake tumboni. Kwa hiyo, mara nyingi njia ya kujua kwa hakika kama ovari ni nzima ni kuitoa. Mwanapatholojia huikata vipande, huvitazama kwa hadubini, kisha huandika kwamba hakuona saratani. Ni habari njema, ila imeandikwa juu ya kiungo ambacho hakirudi tena mwilini.

Mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili kabla ya wakati wake hukoma hedhi siku hiyo hiyo, bila miaka ya kuzoea ambayo wenzake hupewa na maumbile. Hawezi tena kupata mimba kwa mayai yake, mifupa yake huanza kudhoofika mapema, na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Ndiyo maana utafiti wa kutumia mwanga kutofautisha tishu nzima ya ovari na ile yenye saratani unanivutia kuliko vipimo vingine vingi vinavyosifiwa siku hizi, na ndiyo maana pia naona tunausifia kwa sababu isiyo yake. Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kumpa daktari ujasiri wa kuacha ovari ilipo.

Wengi hutamani upimaji wa wanawake wote wenye afya, ili ugonjwa ukamatwe mapema. Uingereza ilijaribu jambo hilo kwa kipimo cha damu cha CA-125 na altrasaundi, katika utafiti ulioandikisha wanawake zaidi ya 200,000 kuanzia mwaka 2001. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa upimaji huo haukupunguza vifo. Sioni kwa nini tuharakishe kuubebesha mwanga mzigo uleule.

Aliyewahi kupimwa macho katika kliniki kubwa huenda ameshakutana na mojawapo ya mbinu hizi bila kujua. Unaegemeza kidevu kwenye kipande cha plastiki, unaambiwa usipepese, na baada ya sekunde chache kioo kinaonyesha tabaka za retina yako zilizopangana kama chapati ya kusukuma iliyokatwa kati. Hiyo ni OCT, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ambayo hupima jinsi mwanga unavyorudi kutoka kina mbalimbali cha tishu. Ikielekezwa kwenye ovari, huonyesha vitu vidogo mno ambavyo altrasaundi haivioni, lakini haipenyi zaidi ya milimita moja au mbili. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Paul Campagnola na wenzake hutumia leza kuangazia nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia tishu pamoja, kwa kuwa saratani hubadili hata mpangilio wa nyuzi zinazoizunguka. Quing Zhu, wa Washington University mjini St. Louis, yeye hurusha mapigo ya leza ambayo damu huyanyonya, ikapata joto kidogo, ikatanuka na kutoa mawimbi ya sauti. Kifaa kinachoingizwa ukeni huyasikiliza mawimbi hayo na kuchora picha ya wingi wa damu na kiwango cha oksijeni yake. Mwanga unaingia, sauti inatoka. Kati ya mbinu hizi tatu, hii ndiyo naiona ina nafasi kubwa ya kufika kwa mgonjwa, kwa sababu inaambatana na altrasaundi ambayo daktari wa wanawake ameshaizoea na huona kwa kina cha sentimita kadhaa bila kupasua.

Hata hivyo, ovari nzima ni msumbufu kwa mtafiti. Kila mwezi, baada ya yai kutoka, mahali lilipotoka hugeuka kuwa kijitezi cha manjano chenye mishipa mingi ya damu, ambacho kwa kipimo kinachotafuta damu kinaweza kufanana na uvimbe mbaya. Kijitezi hicho hufa na kuacha kovu la kolajeni. Ovari ya mwanamke wa miaka 30 na ya bibi wa miaka 70 ni nzima zote mbili, lakini hazifanani. Isitoshe, tafiti nyingi zimefanywa kwenye ovari zilizokwisha kutolewa, ambamo damu haizunguki tena, na kwa idadi ndogo ya wanawake.

Kwenye meza ya upasuaji mwanga umeshaanza kazi. Mnamo Novemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pafolacianine, rangi inayofungwa kwenye molekuli inayofanana na foleti, kirutubisho kilekile ambacho wajawazito hupewa kwa vidonge. Seli nyingi za saratani ya ovari huivuta kwa wingi, kisha kamera maalumu huziona ziking'aa. Katika wanawake 134, asilimia 26.9 walikutwa na angalau kidonda kimoja cha saratani ambacho macho na mikono ya daktari havikukigundua. Lakini kwa asilimia 20.2 kiling'aa kitu kisichokuwa saratani, na takwimu hii ya pili ndiyo ningependa isomwe kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, maana kila king'aacho hukaribisha kisu.

Matumaini yangu makubwa yako hatua chache kando ya ovari. Tangu watafiti wa Uholanzi walipoeleza mwaka 2001 mabadiliko ya seli katika mirija ya uzazi ya wanawake walio katika hatari ya kurithi ugonjwa huu, imedhihirika kwamba saratani nyingi za aina iliyo hatari zaidi huanzia kwenye mirija. Jennifer Barton wa Chuo Kikuu cha Arizona ametengeneza kamera yenye unene usiofika milimita moja, inayopitia mlango wa kizazi na kuingia mrijani bila kukata popote. Leo mwanamke mwenye hitilafu ya jeni ya BRCA1, ambayo hurithiwa na huongeza sana hatari ya saratani hii, hushauriwa kutoa mirija na ovari akiwa na umri wa kati ya miaka 35 na 40. Kamera kama hiyo ikiweza siku moja kumwambia kwa uhakika kwamba mirija yake bado ni safi, basi aliyeolewa akiwa na miaka 34 atakuwa na muda wa kumpata mtoto wake wa pili.