Ada Tumelipa, Prisepta Tutafute Wenyewe?

Manesi wa Afrika Mashariki tulioko Marekani tumelizoea jambo moja ambalo halifai kuzoeleka. Unajiunga na masomo ya nesi praktishona, yule anayepima mgonjwa, kutambua maradhi na kuandika dawa. Ada unalipa kila muhula. Mafunzo ya vitendo kliniki yakikaribia, vyuo vingi, hasa vya mtandaoni, vinakuambia ujitafutie prisepta, yaani daktari au nesi praktishona atakayekubali kukusimamia ukiona wagonjwa.

Basi mtu anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, skrabu, zile nguo za kazi, bado mwilini, anazunguka kliniki hadi kliniki na wasifu wake kwenye bahasha. Karani wa mapokezi hainui hata macho: "Hatuchukui wanafunzi." Hata ukikubaliwa, mkataba wa chuo na kliniki unaweza kukaa kwa wanasheria mpaka muhula uanze bila wewe. Na tangu 2022 viwango vya kitaifa vinadai angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa. Zamani zilikuwa 500.

Hapo ndipo madalali wanapoingia. Kuna kampuni zinazokuunganisha na prisepta kwa maelfu ya dola, juu ya ada uliyokwisha kulipa. Mwenye dada wa kanisani aliyetangulia kuhitimu ananusurika. Aliyehamia juzi jimbo asilomjua mtu anakopa.

Maprisepta siwalaumu. Ukiwa na mwanafunzi, foleni inasogea polepole, na kliniki nyingi zinalipwa kwa wagonjwa walioonwa. Wakilipwa, ni haki yao. Ninachobishia ni mfuko unaotoka hizo pesa. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, imezilipa hospitali kwa miongo mingi zifundishe madaktari. Kwa manesi wa ngazi yetu kulikuwa na jaribio la Medicare la kulipia mafunzo hayo, lililoanza 2012, hospitali 5 na hadi dola milioni 200, kisha likaisha. Hawaii humpa prisepta nafuu ya kodi ya dola 1,000 kwa kila awamu ya mafunzo, na Georgia na Maryland zina mipango yao. Anayesoma Texas hayo yanamsaidia nini?

Waliosoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya kule Kenya, watashangaa, maana kampasi nyingi ziko ubavuni mwa hospitali na chuo ndicho kinachokupeleka wodini. Huku, kwa ada kubwa hivi, unajipeleka mwenyewe.

Msimamo wangu: chuo kisichoweza kumpatia kila mwanafunzi prisepta kipokee wanafunzi wachache. Wewe unayejaza fomu sasa, kabla hujalipa hata dola moja, waulize kwa maandishi: nikikosa prisepta, nani anabeba gharama ya muhula uliopotea? Wakijibu "tutakusaidia kutafuta", waambie wakutumie orodha ya kliniki walizo na mkataba nazo katika jimbo lako. Wakianza kuzungukazunguka, peleka maombi chuo kingine.