Ulaya Imekukataa

Nilipoenda nyumbani mwaka 2016 nilikuwa na kilo 118. Shangazi alinipokea mlangoni kwake Majengo, Nairobi, kwa vigelegele, akanizungusha ili majirani wanione mbele na nyuma. "Mashallah! Ulaya imekukubali!" Niliporudi Juni 2023 nikiwa na kilo 86 sikusikia kigelegele hata kimoja. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mtu anayechagua parachichi, akauliza kwa sauti ya chini wapita njia wasisikie: "Mwanangu, wamekufanya nini huko?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Walinikata tumbo. Oktoba 2022, katika hospitali moja ya Birmingham, Uingereza, waliondoa kama robo tatu ya mfuko wangu wa chakula wakaniachia kibomba chembamba chenye umbo la ndizi. Lakini mimi nilijibu, "Ni mazoezi tu, shangazi. Na kuacha sukari."

Nauandika uongo huo hapa kwa sababu najua si wangu peke yangu. Tuko wengi tunaoshuka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na mwili mpya, na hadithi ya maji ya limau mdomoni.

Niliondoka Nairobi mwaka 2009 na kilo 74. Unene wangu niliununua huko, kwa pesa yangu, na risiti ninazo. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku, saa mbili hadi saa mbili. Unawageuza wazee wa watu kitandani, unabadilisha shuka, unajaza fomu, na ikifika saa tisa usiku kuna biskuti kwenye mkebe jikoni, maana kila familia ikitaka kushukuru huleta biskuti. Asubuhi unafika nyumbani kwenye baridi, hakuna wa kukuuliza umeamkaje. Unatia chakula cha boksi kwenye maikrowevu, unakula ukitazama ukuta, unalala sahani ikiwa kando ya kitanda. Majengo sikuwahi kula peke yangu hata siku moja. Hata ungetaka, mtoto wa jirani angekuja kusimama mlangoni.

Nisije nikaonekana naisifu nyumbani bure. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49, 45 wana uzito uliozidi. Nairobi ya leo ni chipsi kila kona na bodaboda hadi mlangoni. Ila kule kwetu unene wa mwanamke huitwa afya mpaka siku sukari inapompiga, na hapo huitwa majaliwa.

Mimi sukari ilinipiga Birmingham, 2018, presha ikafuata. Daktari hakunigombeza. Alipiga hesabu ya uzito na urefu, ile BMI, kilo 127 kwa mita 1.63, ikatoka karibu 48. Akaniambia kuanzia 40 mtu anaweza kufikiriwa upasuaji, au kuanzia 35 akiwa na ugonjwa kama sukari. Kisha nikatiwa kwenye foleni, korona ikaingia katikati, na foleni ikawa miaka.

Niliichukia sana foleni ile. Sasa naona ndiyo kitu kikubwa nilichopewa na Waingereza, kuliko hata kisu. Nilionana na mtaalamu wa lishe, nikaonana na mwanasaikolojia, na huyu hakuniuliza ninakula nini. Aliniuliza ninakula saa ngapi, na nani. Nililia pale kwenye kiti chake cha plastiki kama mtoto aliyepotea sokoni. Sikuwa mlafi mbele yake. Nilikuwa mgonjwa mwenye nambari, kama wa figo, kama wa goti.

Nyumbani ningefanyaje? Upasuaji huu upo Nairobi, na madaktari wake wanaijua kazi, ila zaidi ni hospitali za binafsi na ni mamia ya maelfu ya shilingi. Ingekuwa figo au moyo tungefungua kikundi cha WhatsApp, tukaweka nambari ya M-Pesa, na Majengo ingetoa hadi wa mia mia. Jaribu sasa kuitisha harambee ya kupunguza mwili. Utaambiwa ufunge Jumatatu na Alhamisi, basi. Wazungu nao si malaika. Mwenzangu mmoja wa zamu aliniambia kodi yake inawalipia watu wasiojua kufunga mdomo. Huyo anavuta pakiti nzima ya sigara kwa siku.

Wiki mbili kabla ya kisu niliishi kwa maziwa na mtindi. Ini hulala juu ya mfuko wa chakula, na la mtu mnene huwa limejaa mafuta. Ukilinyima wanga linasinyaa, na daktari anapata pa kupitishia vyombo vyake. Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nusukaputi haina hadithi. Niliamka na matundu matano tumboni na maumivu begani. Begani! Muuguzi akacheka: ni ile gesi waliyonijaza tumboni ili waone vizuri, na dawa yake ni kutembea. Nikatembea korido usiku mzima nikiburuta dripu, siku ya pili nikaruhusiwa.

Nilirudi chumbani na boksi la sindano za kuzuia damu kuganda, moja kila jioni kwa siku 28, nijichome mwenyewe tumboni. Ile ya kwanza niliishika kwa nusu saa. Wiki nzima mlango wangu uligongwa mara moja tu, na alikuwa mtu wa kuleta kifurushi cha jirani. Hospitali ilinipigia simu kwa wakati uliopangwa, dakika kumi, maswali kwa mpangilio, na ilinijali kweli. Lakini simu haikushikii kioo ukitaka kuona kidonda kilicho chini ya titi.

Walinipa na kikombe cha plastiki cha mililita 30 cha kupimia. Nilikiweka kando nikatoa vikombe vya kahawa alivyonifungia shangazi siku ninaondoka, vile vidogo visivyo na mkono. Funda moja la maji, nasubiri. Funda jingine. Wiki mbili za vitu vya maji, kisha vya kupondwa, kisha vilaini. Karatasi ya hospitali ilinielekeza kwenye vyakula vya makopo, mimi nikaponda ndengu kwa tui kidogo, nikachemsha samaki kwa ndimu na bizari, na mlo mzima ukaenea kwenye kikombe kile cha kahawa. Uji wa wimbi, nilioutamani kuliko vyote, niliambiwa nisubiri: nafasi ni ndogo, protini itangulie. Usinywe maji pamoja na chakula, ngoja nusu saa. Vidonge vya vitamini kila siku ya maisha yako, sindano ya B12 kila miezi mitatu. Mwezi wa nne nywele zikaanza kukatika kwa mafungu. Namshukuru Mungu kwa mtandio.

Ajabu kuu ni njaa. Haikuwepo. Sehemu waliyoiondoa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, na kwa miezi nilikula kwa kuangalia saa. Ramadhan ya 2023 sikufunga. Hospitali ilikataa kwa sababu maji ya siku nzima singeweza kuyafidia usiku kwa mafunda. Nilizilipa funga hizo Desemba ya mwaka mwingine, wakati magharibi ya Birmingham huingia kabla ya saa kumi jioni. Nairobi, ambako jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hakuna ujanja huo. Hilo moja Ulaya imetushinda.

Sasa turudi kwa shangazi. Safari ile ya Juni iliangukia Idi ya kuchinja. Sinia la pilau liliwekwa chini, tukalizunguka watu saba. Nilikuwa nimejipanga: kwenye sinia hakuna sahani yako, hakuna anayekuhesabia, unachezesha vidole na kumega vipunje. Ila mwenye sinia huwa anaona. Kila nilipopunguza mwendo shangazi alinisogezea mnofu upande wangu, bila kunitazama, huku akizungumza na wengine. Wa kwanza nikaula. Wa pili nikaula kwa heshima. Wa tatu ulikwama hapa, katikati ya kifua, kama jiwe, mate yakajaa mdomoni mfano wa povu la sabuni, nikakimbilia uani.

Niliporudi sinia lilikuwa kimya.

Kufikia alasiri mtaa ulikuwa na majibu mawili. Wapole walisema nina mimba, katika umri wangu wa miaka 41. Wengine hawakusema. Wakenya wa rika langu wanaelewa. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na mtaani petu wakati huo tulikuwa tumeshazika wengi. Tuliona mtu akikonda hivi, akitapika hivi, nywele zikiwa chache hivi. Hakuna aliyenitukana. Waliniletea matunda. Mama mmoja alinibusu kwenye paji la uso, akashika mkono wangu muda mrefu mno. Nami bado nikasema: mazoezi.

Kwa nini sikusema? Aibu, ndiyo, kwa sababu kisu kinahesabiwa kuwa njia ya mkato. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu wa ng'ambo tunalijua na hatulisemi. Ningesema nimefanyiwa upasuaji, wangepiga hesabu. Ya kukata tumbo unayo, ya ada ya mtoto wa kaka yako ulituma nusu. Ungewaeleza mpaka asubuhi kwamba ni huduma ya afya ya taifa, hukutoa hata peni mlangoni, wangekutazama tu. Kwa hiyo nikaenda zangu soko la Gikomba nikajinunulia sketi ya mtumba kwa shilingi 150, na nyuma ilikuwa na lebo ya duka ninalolipita kila siku nikienda kazini Birmingham. Ilinienea bila fundi. Nikacheka peke yangu katikati ya marobota.

Aliyelipia uongo wangu ni binti ya shangazi. Yeye aliniamini. Alichukua maneno yangu kama maagizo ya daktari: limau na maji ya moto alfajiri, hakuna chapati, hakuna chai ya maziwa, mbio hadi Eastleigh kabla watu hawajaamka. Miezi mitatu. Akapungua kilo tatu, akazimia kwenye foleni ya matatu. Akanitumia ujumbe wa sauti ninaousikia mpaka leo: "Dada, wewe uliwezaje? Mimi nadhani sina nidhamu tu." Nikiwa nimeketi kwenye basi nikitoka zamu, na mfuko wa chakula uliobaki robo, mtoto wa watu ananiambia hana nidhamu.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa ng'ambo. Siri ya mwili wako ni yako, sikatai. Nyamaza ukitaka. Sema "ni mambo yangu", uvumilie watakachosema. Lakini usimuuzie mtu njia ambayo hukuipita. Yule anayekimbia alfajiri kwa maneno yako atajilaumu yeye, hatakulaumu wewe.

Nilipiga simu ya video Jumapili, nikamwomba akae na mama yake. Nikasema yote, nikainua blauzi nikaonyesha makovu matano. Binti alinyamaza, kisha akacheka, kisha akatukana kwa Kiswahili cha Gikomba ambacho sitakiandika. Akaniuliza kama naweza kumletea zile sindano za kupunguza mwili. Nikamwambia aende kwanza apimwe sukari, nitamlipia, na hilo alilifanya.

Shangazi alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Na hicho kipande," akasema, "walikizika wapi?"

Nikamwambia sijui. Nadhani hospitali huchoma.

"Hukuuliza?"

Sikuuliza.

"Astaghfirullah." Akageuka akaangalia uani. "Kitovu chako kiko hapo nje, nilichimba kwa mkono wangu huu. Na tumbo liko kwa Wazungu, hata hujui ni wapi." Akasogea karibu na simu, jicho moja likajaza kioo. "Ukipata siku huna zamu, nenda ukawaulize."

Nina miadi ya kupimwa damu mwezi ujao. Nadhani nitauliza.