Kadi ya Grafiki Ichaguliwe Mwisho

Juzi baada ya swala ya Isha kijana mmoja wa mtaani kwetu Langoni alinisimamisha njiani, akanionyesha simu yake iliyojaa orodha ya kadi za grafiki, zile zinazoichorea kompyuta picha za michezo, akaniuliza, "Ami, nina elfu ishirini na tano. Nichukue ipi hapa?" Swali hili huulizwa hivyo hivyo karibu kila mara, na kila mara naona limeanzia mkiani. Nilimwambia aende kwanza nyumbani, afungue ubavu wa kompyuta yake, anipigie picha ya kibandiko kilicho kwenye pawasaplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme), kisha achukue rula apime nafasi iliyopo kutoka sloti ya kadi, yaani tundu inamochomekwa, hadi ukuta wa mbele wa kasha. Alinitazama kama mtu aliyeomba maji ya kunywa akaonyeshwa kisima.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye fedha chache achague kadi mwisho kabisa, baada ya kujua kompyuta yake inaweza kuilisha kadi wati ngapi, kasha lake linaweza kumeza kadi ya ukubwa gani, na skrini yake inadai kazi kiasi gani. Wenye fedha nyingi wanaweza kuanza na jina la kadi, kwa kuwa kikikosekana kingine chochote watakinunua. Sisi tunaotumia kompyuta za ofisi zilizostaafishwa Ulaya zikaletwa kwetu kwa makontena hatuna nafasi hiyo, na hasa sisi wa Lamu, ambako kosa la ununuzi halirudishwi dukani kwa kuvuka barabara, bali kwa boti hadi Mokowe na basi la siku nzima hadi Mombasa.

Nayasema haya kwa kuwa niliyalipia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwa muuzaji wa Mombasa kadi ya Radeon RX 580 ya GB 8, mtumba safi, kwa bei iliyonifanya nione kuwa nimemzidi akili. Ilipofika niliifungulia barazani mbele ya watu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kadi inataka waya wa umeme wa pini 8, ilhali pawasaplai yangu haikuwa na waya hata mmoja wa kadi. Muuzaji akanishauri kwa simu ninunue adapta ya kugeuza waya wa diski kuwa waya wa kadi. Niliinunua. Siku ya tatu, katikati ya mchezo, chumba kilijaa harufu ya plastiki inayoungua, na nilipofungua kasha nikakuta plagi nyeupe imegeuka rangi ya kahawia kama mkate uliosahauliwa juu ya jiko, imeshikana na mwenzake hata ikanibidi kuikata kwa kisu. Baadaye nilisoma nilichopaswa kusoma kabla: plagi ya umeme ya diski za SATA imepimwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, na waya wa pini 8 wa kadi huweza kuvuta hadi wati 150.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu, ni mimi tu sikuifanya. RX 580 imekadiriwa kula wati 185. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-4590, ambayo ndiyo iliyomo katika nyingi ya kompyuta hizi za ofisi, imekadiriwa wati 84. Jumla ni wati 269 kabla hujahesabu diski, feni, RAM na mazabodi, ubao mkuu unaobeba vyote. Pawasaplai ya Dell OptiPlex 9020, mojawapo ya kompyuta hizo, yenye kasha refu ni ya wati 290, na ile ya kasha jembamba ni ya wati 255. Mtu atasema basi abadilishe pawasaplai, na kwa kompyuta iliyoundwa dukani kipande kwa kipande hilo ni shauri jema; lakini mazabodi ya OptiPlex hiyo ina soketi ya pini 8 mahali ambapo mazabodi za kawaida zina soketi ya pini 24, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida haiingii mpaka upate adapta nyingine tena. Kwa adapta mimi nimetubu.

Kinachomfaa mwenye kompyuta ya aina hii ni kadi inayoshiba umeme wa sloti peke yake. Sloti kamili ya PCI Express, ndiyo hiyo inamochomekwa kadi, hutoa hadi wati 75, na kadi zilizoundwa kuishi ndani ya mpaka huo zipo: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya mwaka 2019 (ingawa baadhi ya matoleo yake yana soketi ya umeme ya pembeni, kwa hiyo itazame picha kwa makini), RX 6400 ya mwaka 2022 inayokula wati 53, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, ambayo hula wati 70. Kadhaa kati ya hizi zina matoleo ya kimo kifupi yanayoingia katika kasha jembamba, na hapo ndipo rula inapohitajika.

Katika hizo, RX 6400 inavutia kwa wati zake chache, lakini ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Inawasiliana na kompyuta kwa njia 4 tu za PCI Express, wakati sloti yenyewe ina njia 16. Ndani ya kompyuta mpya yenye kizazi cha 4 cha PCI Express njia 4 hizo ni pana vya kutosha. Ndani ya kompyuta ya mwaka 2014 yenye kizazi cha 3 kila njia hubeba nusu ya mzigo huo. Ongeza kwamba kadi yenyewe ina GB 4 tu za kumbukumbu, na kumbukumbu ikijaa, michoro inayobaki huenda kutafutwa katika RAM ya kompyuta kwa kupitia njia zile zile nyembamba. Hapo mchezo haupungui kasi polepole; unakwamakwama, unaganda unapogeuka kona, kisha unaruka. Ndugu yake, RX 6500 XT, ana ugonjwa huo huo, na zaidi ya hapo anakula wati 107.

Kwa sababu hiyo hiyo sishauri tena mtu anunue kadi ya GB 4 kwa fedha zake za akiba, isipokuwa kama michezo anayoicheza ni ya zamani na hana haja ya mingine. GB 6 kwangu ndicho kiwango cha chini, na GB 8 ndicho kiwango cha kulala usingizi. Mwenye pawasaplai halisi ya wati 450 au zaidi, yenye waya wa pini 8, ningemwelekeza moja kwa moja kwenye RX 6600 ya mwaka 2021: ina GB 8, inakula wati 132, na inatosha kabisa kwa skrini ya pikseli 1920 kwa 1080. Nayo hutumia njia 8, hivyo hata mazabodi ya zamani haiinyongi sana.

Suala la skrini watu hulipita haraka mno. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Ile ya 1366 kwa 768 ina takriban milioni 1, yaani nusu ya kazi. Kijana mwenye skrini ndogo anayelilia kadi ya kuchorea skrini ya 2560 kwa 1440, yenye pikseli karibu milioni 3.7, anataka kununua jahazi la kuvukia mlango wa nyumba yake.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika maoni ya watu wa nchi za baridi. Kila wati inayoingia ndani ya kadi hutoka ikiwa joto, na joto hilo hubaki chumbani nawe. Msimu wa kaskazi, ndani ya chumba cha mawe chenye dirisha moja linalotazama kichochoro, tofauti ya kadi ya wati 70 na ya wati 185 unaihisi shingoni. Unaihisi pia kwenye tokeni: tofauti hiyo ya wati 115, ukicheza saa 4 kila siku, ni karibu yuniti 14 kwa mwezi, na katika nyumba nyingi anayenunua tokeni si yule anayecheza.

Kuhusu mitumba, sioni aibu kuinunua, na kwa bajeti tunayoizungumzia mara nyingi hakuna njia nyingine. Watu wanaogopa sana kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali, ambazo zilimwagika sokoni baada ya Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, kuachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Mimi naogopa zaidi kadi iliyoishi pwani. Kadi ya mchimbaji ikibadilishwa feni na kupakwa upya dawa ya kupitishia joto huweza kuendelea kwa miaka. Kadi iliyokaa dirishani Lamu au Malindi, ikipigwa na upepo wa bahari, huota ukungu wa kijani kwenye soketi na kutu kwenye skurubu. Mwombe muuzaji picha ya karibu ya meno ya dhahabu ya kadi, yale yanayoingia kwenye sloti. Yakiwa yamefifia tu, raba nyeupe ya kufutia penseli, ikipitishwa taratibu kwa upande mmoja na kufuatiwa na kitambaa chenye spiriti, huyarudisha. Yakiwa na vidoadoa vyeusi vilivyochimbika, mrudishie kadi yake.

Mwombe pia picha ya skrini ya programu ya GPU-Z, inayosoma kadi ni ya aina gani. Zipo kadi za kale zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, na GPU-Z hutambua nyingi ya hizo na kuziandikia wazi kuwa ni bandia. Usichanganye bandia na ujanja wa jina: kadi iitwayo RX 580 2048SP si bandia, lakini ndani yake ni RX 570, na inapaswa kulipiwa bei ya RX 570.

Vilevile GTX 1050 Ti, hata iliyo halali, imefika jioni yake. Nvidia, kampuni iliyoiunda, ilitoa draiva (programu za kuiendesha kadi) za mwisho za michezo kwa kizazi hicho Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa soka na michezo ya zamani haina neno. Na kadi mpya zinazosifiwa? Arc B580 ya Intel ilizinduliwa Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12, na kwenye karatasi ni neema, lakini inahitaji uwezo uitwao Resizable BAR, wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambao kompyuta zetu za mwaka 2014 hazina, na bila huo kasi yake huporomoka. Dola 249 nazo ni za Marekani. Kabla ya kufika Lamu zimeshapitia VAT ya asilimia 16, nauli, na faida ya kila mkono.

Kijana wangu alirudi kesho yake na picha na vipimo. Kasha jembamba, pawasaplai ya wati 255. Nikamwambia orodha yake yote ndefu imebaki na jina moja, RTX 3050 ya GB 6 ya kimo kifupi, na kwamba kama elfu ishirini na tano hazifiki asubiri miezi miwili, asishuke. Alisubiri kweli, akaipata Mombasa, tukaichomeka pamoja sebuleni kwao. Feni zikazunguka bila harufu yoyote. Kisha akaushika waya wa monita, akaugeuza mara mbili, akaniuliza, "Ami, huu unaingia wapi?" Monita yake ya ofisi ina soketi ya VGA peke yake, kadi ina HDMI na DisplayPort, na mimi niliyemhubiria wati na rula kwa miezi miwili sikuwa nimemwuliza hilo hata mara moja. Televisheni ya sebuleni ina HDMI, lakini saa ile mama yake alikuwa ameshaketi na kahawa yake akiingoja tamthilia, wala hakuna aliyethubutu kumwomba. Kwa hiyo mimi niliyetubu adapta nimemwagizia adapta, ya HDMI kwenda VGA, na inatarajiwa kwa basi la Alhamisi.